Ramani ya Pumzi

Sura ya Saba

Anayezoea kuiuliza ardhi maswali hana budi kujiandaa kwa siku ambayo ardhi itamjibu. Msanifu hakuwa amejiandaa. Alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko, anafunga kamba ya mwisho kwenye kigingi cha mwisho, na kilichomshughulisha moyoni si ardhi, bali mwanamume aliyesimama hatua tatu chini yake, nyundo ya mbao mkononi, akimtazama kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri miaka mingi.

“Usinitazame hivyo, Daktari,” alisema bila kuinua uso. “Kamba itakwenda upande.”

“Ikienda upande tutasema nyumba imelewa mapenzi.”

“Mama yako atasema aliyelewa ni fundi.”

Walicheka, lakini kicheko chao hakikwenda mbali. Kilipanda mteremko kidogo, kikafika kwenye nyasi ndefu, kikakatika, kana kwamba kuna mtu kule juu aliyeinua kidole na kuwaambia wanyamaze. Msanifu alinyanyua kichwa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na vijiti sitini vilivyochomekwa ardhini, kila kimoja na kitambaa chake cheupe, na vitambaa vyote vilipepea kuelekea juu, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na nusu alasiri na jua lilikuwa bado na nguvu zake.

Daktari alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu na mpole, mwenye mikono iliyozoea kutuliza wanyama walioingiwa na hofu. Kwenye tambarare alimzidi Msanifu kichwa kizima. Ndiyo maana, tangu siku ya kwanza walipokipanda pamoja kiwanja hiki, alijizoeza kusimama upande wa chini, ili macho yao yawe sawa. Hakuwahi kuieleza hila hiyo, wala Msanifu hakuwahi kuitaja; ila kila aliporudi mjini akasimama na watu kwenye ardhi iliyonyooka, aliona kwamba dunia nzima imejengwa vibaya.

Miezi mitatu iliyopita Daktari alikuja ofisini kwake na sentensi moja tu: “Nataka nyumba ambayo mtoto wangu atapumua.” Mtoto huyo alikuwa binti wa miaka saba, na nyumbani walimwita Kinanda, kwa sababu joto likizidi kifua chake kilipiga mluzi wa sauti tatutatu. Mama yake alikuwa na kifua cha namna iyo hiyo, naye alifariki miaka minne nyuma. Daktari aliyasema hayo akitazama dirisha, na Msanifu hakumchimba zaidi. Alimpa karatasi anayowapa wateja wote, yenye safu mbili, saa na mahali.

“Andika kila mtu wa nyumbani kwako hukaa wapi kila saa ya mchana.”

Daktari aliitazama karatasi ile muda mrefu kupita kiasi. Alijaza ya mama yake, ya mtoto na ya kwake. Kisha akawa kama anataka kuandika mstari wa nne. Kalamu ikasimama hewani, akairudisha mfukoni.

Kwa siku arobaini baada ya hapo Msanifu alikisoma kiwanja. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoamini: nyumba isichorwe mezani kabla ya kuchorwa na mahali pake. Mchana ardhi ikipata moto, hewa hupanda mteremko kama mtu anayekwenda sokoni. Jioni ikipoa, huteremka polepole kama maji, ikipita kwenye njia zake ilizozijua tangu zamani. Alifunga vitambaa, akakaa chini, akaandika katika daftari ni wapi hewa hupita vizuri na ni saa ngapi. Kila mahali alipapa chumba kinachotumiwa saa hiyo. Akaipasua nyumba katika ngazi tatu zinazoufuata mteremko, ili ardhi isikatwe ovyo. Pande zake ndefu alizigeuza zisitazame jua la asubuhi wala la alasiri, na upande wa magharibi akaweka stoo na bafu ziwe ngao. Madirisha ya upande wa chini aliyaweka karibu na sakafu, hewa iingie. Chini ya paa upande wa juu akaacha matundu mapana, joto litoke. Mashine hata moja haikuwamo.

Jambo moja tu hakuliandika katika daftari lake. Mahali pale ambapo hewa ilikuwa nzuri kuliko pote, kila alipopiga magoti, aliona vishimo vinne vidogo katika udongo mgumu, vimejipanga mraba, na nyasi hazikuota ndani yake. Alivikuta sehemu nne mbalimbali. Alijiambia kuwa ni alama za wapima ardhi. Alijiambia hivyo mara nyingi, hasa alasiri, alipokuwa peke yake na kuhisi kwamba kuna mtu anayesubiri aondoke ili akae.

Na wiki moja iliyopita walikuwa wanapima usawa wa sakafu kwa mpira wa maji, kila mmoja ameshika ncha yake, mita kumi na tano katikati yao, wakisubiri maji yatulie. Ndipo Daktari aliposema kutoka kule chini, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Usinichoree mimi nyumba. Chora nyumba utakayokaa wewe.”

Maji katika ncha ya Msanifu yalipanda na kushuka. Alijibu yalipotulia.

“Mama yako kwanza. Aje aitembee. Akiikubali nyumba, amenikubali na mimi, kwa sababu yote yaliyomo kichwani mwangu na moyoni mwangu nimeyaweka humo. Akiikataa nitakuachia ramani, nami sitarudi. Sitaolewa katika nyumba iliyoanzia kwenye ugomvi wa mama na mwana.”

“Na mimi je? Sina neno?”

“Neno lako nimelisikia. Usilirudie, nitashindwa kushika mpira.”

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na mama mtu alikuwa anapanda.

Alitoka katika nyumba ya bati ya vyumba viwili iliyokuwa chini kabisa ya kiwanja, alimoishi na mwanawe na mjukuu. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni, mwingine umeshika mwavuli mweusi. Alipanda bila kutazama miguu yake, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, bibie.” Alizitazama kamba kwa pembe ya jicho. “Ndiyo nyumba yenyewe? Mbona mbuzi mmoja akikatiza hapa mmelala nje?”

“Ni ramani tu, mama. Tumeilaza chini kwa ukubwa wake, uitembee kabla hatujaijenga.”

“Nimezaa watoto watano. Sijawahi kuambiwa nikatembee ndani ya karatasi.”

“Mama,” Daktari aliingilia, “Msanifu amekuja hapa siku arobaini.”

“Ninajua. Nilikuwa namwona dirishani. Anachomeka vijiti, anakaa, anavikodolea macho, anaandika. Nikasema, haya, mwanangu ametuletea mganga.” Alizungusha mwavuli begani. “Mimi niliomba mkwe wa kunipikia, wewe umeniletea wa kunipimia.”

“Mama!”

“Mama nini? Hivi mnadhani mimi nimezaliwa jana? Mwanamke haachi ofisi yenye kiti cha kuzunguka akaja kukaa juani siku arobaini kwa ajili ya upepo.”

Msanifu alihisi damu ikimpanda usoni. Angeweza kunyamaza; heshima ilimtaka anyamaze. Lakini alikuwa amechoka kuupima moyo wake kwa rula.

“Nilikuja kwa ajili ya upepo, mama,” alisema. “Nikaendelea kuja kwa ajili yake.”

Mama mtu alimtazama kwa mara ya kwanza uso kwa uso. Hakutabasamu, lakini mwavuli uliacha kuzunguka.

“Angalau husemi uongo,” alisema. “Haya. Nionyeshe. Feni zinakaa wapi? Nyumba kubwa hivi, mwaka mzima joto.”

“Hakuna feni, mama. Hewa itaingia huku chini, ipite vyumbani, itokee juu chini ya paa. Nyumba itapumua yenyewe.”

Uso wa mama ulibadilika. Haukuwa na hasira. Ulijifunga tu, kama dirisha linavyofungwa na mtu aliyesikia jambo barabarani.

“Umesemaje?”

“Itapumua.”

“Kinachopumua kina kifua, bibie. Na chenye kifua hukata roho. Usilitamke tena neno hilo katika mteremko huu.”

Daktari aliinamisha kichwa. Msanifu alimtazama akitumaini maelezo, hakuyapata. Vitambaa sitini vilitoa kwa pamoja mlio mdogo kama wa kurasa zinazofunuliwa.

Mama alifunga mwavuli. Alifika mahali palipoachwa wazi kati ya kamba, ambapo mlango ungekuwa, akafumba macho.

“Ngoja nikushike mkono, mama,” alisema Msanifu. “Nikuambie kila chumba ni…”

“Funga mdomo.”

Akaingia. Alikwenda hatua sita, akapinda kushoto, hatua tatu tena, akasimama. Alikuwa katikati ya jiko, na pindo la nguo yake halikugusa kamba hata moja.

“Saa tatu asubuhi,” alisema, macho yamefumbwa.

Msanifu alitazama daftari. Jiko alilipa mahali pale kwa sababu, siku arobaini mfululizo, hewa nzuri ya saa tatu ilipita pale. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: saa tatu. Ukurasa huo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Mama alipanda ngazi ya pili. Aliinua mguu mahali ambapo pangekuwa na kidato, ingawa ardhini palikuwa na nyasi tu. Alisimama katika chumba cha kulia.

“Saa saba. Hapa kivuli hakina haraka.”

Akazunguka. Akatokea kwenye baraza la nyuma, ncha ya mwavuli ikiburutika na kuchora mstari vumbini.

“Saa tisa na nusu. Jua linapoanza kugeuka.”

“Daktari,” Msanifu alinong’ona, “ulimwonyesha ramani?”

“Sikumwonyesha.” Uso wake ulikuwa umepauka. “Mimi mwenyewe sijui hizo saa anazozisema.”

Mama alipanda ngazi ya tatu, ya juu kabisa. Hapo mwendo wake ulipungua. Alitembea kama mtu anayekaribia kitanda cha aliyelala. Alipofika kwenye kamba ya chumba kidogo cha pembeni, kile alichokipenda Msanifu kuliko vyote, hakuingia. Alifumbua macho.

“Na hapa ni kwa nani?”

“Kwa Kinanda, mama,” alisema Msanifu. “Hewa ya jioni ikiteremka hupita hapo kwanza. Ni hewa safi kuliko zote. Akilala hapo, kifua chake…”

“Nani alikuambia?”

“Hakuna aliyeniambia. Niliona kwenye vitambaa.”

“Nani alikuambia!” Alimgeukia mwanawe. “Ni wewe? Ulikaa na mwanamke huyu ukamsimulia habari za marehemu, naye akazichukua akazifanya vyumba?”

“Habari gani, mama? Simulizi gani?”

“Za kiti.”

“Kiti kipi?”

Mama alifungua mdomo kumjibu kwa ukali, kisha akaufunga. Alimtazama mwanawe. Polepole ikamjia, na Msanifu aliiona ikimjia: mwanamume huyu hakujua. Miaka yote hiyo hakuwa amejua.

“Kumbe kweli hakukuambia,” alisema mama. Hasira ilikuwa imemtoka yote, na bila hasira alionekana mzee zaidi. “Aliapa kwamba hatakuambia, nami nikadhani siku moja atakosa nguvu ya kunyamaza.”

“Mama, niambie sasa.”

“Nyumba ya bati ilipochemka mkeo hakuweza kukaa ndani. Tulitoka. Mimi nabeba kiti cha jikoni, yeye ananitangulia akitafuta hewa, kama kuku anavyotafuta punje. ‘Mama, weka hapa.’ Naweka. Saa ikigeuka, ‘Mama, hapa imekwisha, tusogee.’ Tunasogea. Asubuhi pale chini. Saa saba pale. Halafu pale. Miaka miwili, baba. Kila siku ya Mungu, mahali pale pale, saa ile ile, mpaka kiti kikajichimbia. Wewe ulikuwa unaondoka alfajiri kwenda kusikiliza mapafu ya ng’ombe wa watu. Ukirudi tumeshamrudisha ndani, amejipaka mafuta, amekusubiri anatabasamu. Ukamuuliza, ‘Umeshindaje?’ Akakujibu, ‘Salama.’”

“Salama,” Daktari alirudia, kama anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

“Alisema ukijua utaacha kazi ukae naye, na mtoto atakula nini.” Mama alinyoosha mwavuli kuelekea chumba kidogo. “Jioni tulikuwa tunamalizia hapo. Hapo ndipo siku moja nilipobaki na kiti kitupu.”

“Nilimkuta kitandani.”

“Ulimkuta kitandani kwa sababu nilimbeba. Sikutaka umkute nje kama mtu asiye na kwao.”

Daktari aliketi chini mahali alipokuwa. Hakulia. Alipeleka kiganja kwenye udongo, akapapasa mpaka kidole kikaingia katika kishimo kimoja kati ya vinne, kikatulia humo.

Msanifu hakuthubutu kusogea. Mgongoni alihisi baridi ambayo haikuwa ya hewa. Siku arobaini alijiona hodari anayeisoma ardhi, kumbe alikuwa anasoma juu ya bega la mtu mwingine, na mtu huyo alimfunulia kurasa. Alijaribu kujituliza kwa elimu yake. Mgonjwa anayehangaikia pumzi na kitambaa chepesi huitafuta hewa moja; wakifika mahali pamoja si ajabu. Ilikuwa kweli. Lakini haikumwondolea vinyweleo vilivyomsimama, wala swali lililomfika shingoni.

Alikwenda akapiga magoti mbele ya Daktari, hata macho yao yakawa sawa.

“Nitakuuliza mara moja tu,” alisema kwa sauti ya chini. “Siku hizi zote uliponitazama hapa mteremkoni, ulimtazama nani?”

Daktari alichelewa kujibu, na Msanifu alishukuru kwamba alichelewa.

“Nilikutazama wewe. Ninajua kwa sababu niliona haya. Siku ile ofisini uliniuliza watu wangu hukaa wapi mchana. Nikataka kumwandika na yeye, nikagundua sijui. Niliishi na mke miaka sita, nikampenda, na sikuwahi kumuuliza swali uliloniuliza wewe kwa dakika mbili. Nilikupenda kwa swali hilo. Kisha nikaogopa, kwa sababu nilijua siku moja utataka jibu lake.”

“Sasa jibu unalo.”

“Ninalo. Nimelikalia.”

Alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa na udongo na ulikuwa wa moto. Msanifu aliuacha mkono wake humo, ingawa mama alikuwa anaona.

“Badilisha,” mama alisema juu yao. “Bibie, sikuchukii. Lakini sogeza hicho chumba. Mjukuu wangu hatalala mahali mama yake alipokata roho. Na wewe, mwanamke kijana, utapika alipokaa mwenzako, utakula alipokaa mwenzako, mpaka lini? Utakuwa mke au utakuwa kivuli?”

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Msanifu alisimama. Aliitazama nyumba yake ya kamba, ngazi tatu, akaona kwa mara ya kwanza kwamba angeweza kuikimbia. Kalamu anayo. Angegeuza jiko likaenda kule, baraza likaja huku, akajipatia nyumba isiyo na alama ya mtu.

“Ninaweza kukisogeza, mama. Kesho asubuhi nitakuwa nimemaliza kuchora. Kinanda atalala upande wa magharibi, nyuma ya ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Ukuta utalitunza joto, na usiku utampa yeye. Atapiga mluzi hadi alfajiri, nawe utakaa kitandani kwako unamsikiliza. Utakuwa na amani kwamba halali mahali pale. Lakini utamsikiliza.”

Mama alikitazama chumba kidogo.

“Ukiniamuru nitafanya. Ila nitakuwa nimekudanganya kwa ufundi wangu, na sijawahi kumdanganya mwenye nyumba. Mwenzangu alizunguka mteremko huu miaka miwili akitafuta mahali pa mtu asiyeweza kupumua. Alipapata. Alikipata kila chumba. Mimi nimechora tu. Unaniuliza kama nitakuwa kivuli. Sijui, mama. Ninaogopa. Nimekuwa nikiogopa tangu ulipofumba macho. Lakini upepo hauna mke wa kwanza wala wa pili. Una mtoto mmoja tu humu, anaitwa Kinanda.”

Hapo vitambaa vikaanguka. Havikupungua mwendo kimoja kimoja. Vilianguka vyote sitini kwa mara moja, vikaning’inia kwenye vijiti kama mikono ya watu waliokata tamaa. Ilikuwa ile robo saa kati ya hewa ya mchana na hewa ya jioni, ambayo haipandi wala haiteremki. Msanifu aliijua, aliiandika mara arobaini. Hata hivyo hakuwahi kuisikia kimya namna ile. Ndege walikuwa wameacha kuimba, na kule chini mabati ya nyumba ya zamani, yaliyokuwa yakilia kwa joto tangu adhuhuri, nayo yaliacha.

Mama aligeuka, akaanza kuteremka. Alipita barazani, akapita chumba cha kulia, akatoka pale pale alipoingilia. Daktari aliinuka kumfuata, akamshika kiwiko, wakatokea nje ya kamba wote wawili. Msanifu alibaki peke yake ndani. Alidhani wanaondoka. Aliona ramani ikikunjwa, aliona njia ya kurudi mjini, aliona ardhi iliyonyooka na watu wake wote wasiojua kusimama.

Lakini mama alipofika nje alisimama, akaigeukia nyumba. Alirekebisha kanga begani kama mtu aliyekuja ugenini.

“Hodi,” alisema.

Daktari alifungua kinywa, mama akamzuia kwa kiganja bila kumtazama.

“Wewe uko nje na mimi. Hodi huitikiwa na mwenye nyumba.”

Akasubiri. Vitambaa vilining’inia. Msanifu alielewa. Mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu hujua kwamba hakuna mtu, naye huenda zake bila kinyongo, na hakuna wa kumlaumu. Mama alikuwa amemwekea mlango wa kutokea wenye heshima. Angenyamaza tu, basi kila kitu kingekwisha kwa upole, na angelala kwake leo bila hofu yoyote.

“Hodi.”

Akiitikia, ataitikia kama mwenye nyumba, mahali ambapo pana aliyemtangulia kuijua kila saa yake. Alimtazama Daktari. Alikuwa amesimama upande wa chini, mikono imening’inia, na hakumsihi kwa jicho wala kwa ishara, alimwachia. Kwa ajili hiyo hasa Msanifu alimpenda wakati huo kuliko wakati wowote. Akamfikiria mtoto akirudi kutoka shuleni, mkoba mgongoni, mluzi kifuani.

Kisha nyuma yake, kutoka juu, kutoka kwenye chumba kidogo cha pembeni, hewa ya kwanza ya jioni iliteremka. Ilipita barazani. Ilimfika kisogoni, baridi na nyepesi, ikatua hapo kama mtu aliyekuja akasimama karibu, bega kwa bega, kumsikiliza mgeni. Msanifu hakugeuka. Aliogopa akigeuka asione mtu, na aliogopa zaidi akigeuka aone.

“Hodi,” mama alisema mara ya tatu.

“Karibu, mama,” alijibu Msanifu.

Sauti ilitoka nzito kuliko alivyoizoea, na ilifika mpaka chini kwenye mabati. Daktari aliinua uso ghafla. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kama apitaye chini ya mlango mfupi, akainua mguu kuvuka mahali pa kizingiti. Akamtazama Msanifu machoni. Halafu macho yake yakasogea kidogo tu, kupita bega la Msanifu, yakatulia hapo, yakalainika.

“Asanteni,” alisema, akaingia.